Digrii moja, bila masta: kazi ya utafiti chuoni unaipataje?

Dada, umeuliza kama digrii ya baiolojia bila masta inatosha kupata kazi ya utafiti chuoni. Inatosha, ila inategemea unabisha hodi wapi.

Nafasi za vyuo vya umma hutangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya Tanzania ya ajira. Kwa mkufunzi msaidizi, matangazo mengi yanataka GPA ya 3.8, kwa hiyo kama yako iko chini usijichoshe huko kwa sasa. Kama unayo, peleka nakala za vyeti kwa wakili azithibitishe mapema, na barua ya maombi uisaini kabla ya kuipakia.

Ninapokusisitizia hasa ni kwenye miradi. Taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara, NIMR na MITU pale Mwanza, na maprofesa wa vyuo kama SUA na MUHAS, wakipata fedha za utafiti huchukua wasaidizi kwa mkataba. Hapo anatafutwa mtu anayeweza kukusanya data kwa simu kwa programu ya KoboToolbox, kutumia hadubini, na kukaa na mama wa kijijini akamhoji bila kumharakisha. Mwandikie profesa barua pepe fupi: taja chapisho lake moja ulilolisoma kweli, eleza unachoweza kufanya, ambatisha CV ya kurasa mbili. "Naomba kazi yoyote mheshimiwa" haijibiwi, maana hajui akuweke wapi. Kimya kikipita wiki mbili, mkumbushe kwa heshima.

Na aliyekusimamia utafiti wa mwaka wa mwisho, umeshamwambia unatafuta kazi? Mpigie wiki hii hii. Wasimamizi ndio husikia kwanza mradi gani unaanza.