Chanzo cha ioni cha maikrowevu: mwale hafifu na kioo kinachopasuka

Swali: Nipo Malindi. Nimeunda chanzo kidogo cha ioni (atomi zenye chaji) za argoni kwa magnetroni ya oveni, yaani kifaa kinachotoa maikrowevu (GHz 2.45, wati 800). Tundu la kutolea ioni lina kipenyo cha mm 2, volti ni 10,000, na elektrodi ya kuvuta ipo mm 20 kutoka tunduni. Plazma (gesi yenye ioni na elektroni huru) inawaka vizuri, ila mwale hauzidi mikroampia 60, na kioo cha kwazi, dirisha la kuingizia mawimbi, kimepasuka katikati. Niongeze nguvu?

Jibu: Usiongeze. Magnetroni haina kosa; kinachokukaba ni huo umbali wa mm 20.

Chaji ya ioni zenyewe huuwekea mwale kikomo, nacho hushuka kwa mraba wa umbali. Kwa vipimo vyako ni kama mikroampia 68, kwa hiyo umeshafika mwisho. Sogeza elektrodi hadi mm 5 na kikomo kitapanda mara 16, karibu miliampia 1.1. Ng'arisha kingo zake kwanza, maana ncha kali huzaa cheche.

Ila mwale ukikua, kioo kitateseka zaidi. Ioni zikigonga gesi iliyobaki au chuma, hutoa elektroni, nazo hurudi nyuma kwa volti zote 10,000 na kupiga katikati ya kioo. Ndiyo maana kilipasuka pale pale. Ipe elektrodi ya kuvuta hasi volti 1,000 hivi, kisha weka elektrodi ya ardhi mm 3 mbele yake. Elektroni za upande wa mwale zitazuiwa. Badala ya kwazi tumia alumina, na upande wa plazma uikinge kwa kisahani cha boroni nitridi cha mm 3 (zote mbili ni kauri).

Sumaku zinazozunguka plazma zipime kwa kipimagausi (kipima nguvu ya sumaku), usikadirie. Mwangwi wa elektroni, yaani pale zinapozunguka sawia na mawimbi na kunyonya nguvu yake, kwa GHz 2.45 uko gausi 875. Penye dirisha nataka 900 hadi 1,000, ili mawimbi yaingie kutoka upande wenye sumaku kali zaidi. Neodimi ya kawaida huanza kudhoofika ikipita nyuzi 80, basi zungushia maji.

Saketi ya oveni huwasha magnetroni nusu ya kila mzunguko tu, kwa hiyo plazma yako huzimika na kuwaka mara 50 kwa sekunde. Ukitaka mwale tulivu, tafuta pawa iliyosawazishwa. Kapasita ya pawa inaua hata plagi ikiwa imechomolewa: kabla ya kuigusa, itoe chaji kwa kuipitishia rezista.

Kwa upepo wa bahari wa Malindi, chumvi hutanda kwenye vihami vya nje na umeme hutambaa juu yake. Vifanye virefu, cm 4 au zaidi, na uvipanguse kwa spiriti kila mara kabla ya kupandisha volti.