Jibu: Duka la zamani la vipepeo vya kukunja, Kyoto

Ndugu, umeuliza wapi Kyoto, Japani, utapata kipepeo cha kukunja cha kweli (kile cha mkononi cha kujipepea, si mdudu), na kama duka la zamani humkaribisha asiyenunua. Nenda duka la Miyawaki Baisen-an, mtaa wa Rokkaku. Lipo tangu 1823. Ingia bila wasiwasi, na uinue macho uone dari ilivyopambwa kwa michoro ya vipepeo hivyo vya mkononi. Omba ruhusa kabla ya kufungua chochote, kisha sukuma kijiti cha kwanza kwa kidole gumba, taratibu. Tazama ukingo wa karatasi: vijiti vya mianzi vimepenyezwa katikati ya tabaka zake, havikubandikwa kwa nyuma. Kazi ya namna hiyo naipenda mno! Nunua cha kujipepea. Vile vidogo vya sherehe ya chai havifunguliwi, huwekwa tu mbele ya magoti wakati wa kusalimiana.