Pikipiki zipo, washiriki wako wapi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wenye pikipiki za zamani hapa Tanga. Tunaendesha ubingwa wa duru nne kwa mwaka, lakini wanaojiandikisha wanazidi kupungua. Duru ya mwisho hatukufika kumi, na daraja moja la ukubwa wa injini lilikuwa na pikipiki mbili tu. Tumebandika matangazo hadi Muheza na Pangani, tumepunguza ada, na hali ni ile ile. Tufanyeje?
Katibu, Ngamiani

JIBU: Ndugu Katibu, tangazo humsaidia mtu ambaye pikipiki yake inawaka. Ninyi mnamtafuta yule ambaye yake imelala uani chini ya turubai kwa miaka, naye ameshajiaminisha kuwa injini imekufa. Hivi karibuni nilikuwa katika karakana moja ya Chumbageni fundi alipofungua kabureta ya Honda CG125 ya mzee wa namna hiyo. Kwenye bakuli petroli ilikuwa imeganda, rangi ya asali, na kitundu cha jeti, kinachopitisha petroli kwenda kwenye injini, kimeziba kabisa. Jeti iliposafishwa na kupulizwa kwa hewa, pointi za kuwashia cheche zikapigwa msasa na kuwekwa nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, injini iliwaka kwa kiki ya nne, na mzee akabaki ameishika ile hendeli kwa mikono miwili bila kusema neno.

Kwa hiyo, wiki sita kabla ya kila duru, tengeni Jumamosi moja ya ufundi na mtumie fedha za matangazo kuwalipa mafundi wawili. Anzeni na CG125, iliyotoka mwaka 1976, kwa kuwa injini yake imeigwa sana na viwanda vya China na mafundi wa bodaboda wanaifahamu vizuri. Pikipiki zenye injini ya mipigo miwili, zile zinazochanganya oili na petroli, zina kazi zaidi, hasa kupata pistoni na ringi.

Jambo la pili ni kumtenganisha mwenye pikipiki na mwendeshaji. Katika mashindano ya Goodwood Revival nchini Uingereza, mbio za kumkumbuka Barry Sheene, bingwa wa dunia wa mwaka 1976 na 1977, huendeshwa na waendeshaji wawili wanaoshirikiana pikipiki moja. Kanuni zenu zikiruhusu hivyo, mzee ambaye magoti yamechoka atamkabidhi mjukuu, nanyi mtaandika majina yote mawili kwenye jedwali la alama, kwani mwenye mali akiliona jina lake hatakosa duru inayofuata.

Kuhusu madaraja, chama cha mbio za pikipiki za zamani cha Marekani, AHRMA, huruhusu pikipiki iliyoingia daraja lake kuingia pia daraja la juu yake. Pikipiki ya cc 125 inaweza kukimbia asubuhi na wenzake, kisha alasiri ikajiunga na za 250 kwa nusu ya ada. Msijidanganye hapo: maandikisho yataongezeka, watu hawataongezeka. Lakini aliyesafiri kutoka Korogwe atarudi nyumbani akiwa amekimbia mara mbili, na hiyo ndiyo habari atakayowasimulia wenzake. Daraja lenye pikipiki mbili lianze mbio pamoja na daraja jingine, ila alama zihesabiwe mbalimbali.

Ada si tatizo lenu kubwa, iacheni ilivyo. Angalieni zaidi hesabu ya ubingwa, maana aliyeharibikiwa katika duru ya kwanza huona ameshapoteza mwaka mzima, akakaa nyumbani. Hesabuni matokeo bora matatu kati ya manne, naye atakuwa na sababu ya kurudi. Na tarehe zote nne zitangazwe Januari, kwa sababu tairi la pikipiki ya zamani mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, na mwenye nayo anahitaji muda wa kuweka akiba.