Maswali ya Wasomaji: Kusema "Nimechoka" kwa Kijapani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtembeza wageni hapa Bagamoyo na ninajifunza Kijapani peke yangu. Jioni moja, tuliporudi kutoka magofu ya Kaole, nilimwambia mgeni mmoja mzee "tsukareru" nikikusudia kusema nimechoka, naye akatabasamu tu. Tulipoagana akaniambia "gokurosama"; nilipomrudishia neno hilo hilo, mwenzake akaangua kicheko. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole na kazi. Kosa la kwanza Kiswahili chako kingekuepusha nalo, kwani nasi tukifika nyumbani tumelegea hatusemi "ninachoka" bali "nimechoka", kwa kuwa uchovu umekwisha kuingia mwilini. Kijapani nacho hutumia umbo la jambo lililokwisha kutimia: tsukareta kwa mliozoeana, tsukaremashita kwa heshima. Tsukareru ni kusema kwamba jambo fulani huchosha, au kwamba mtu atachoka. Aliye hoi bin taabani husema kutakuta au hetoheto. Mwenye mwili mzito, pengine kwa homa tu, husema darui, na watu wa Osaka wana neno lao, shindoi. Aliyekinaishwa na chakula kile kile kila siku husema akita, ambalo halihusu uchovu wa mwili hata kidogo.

Kosa la pili ni la adabu, nami naliona zito zaidi. Gokurosama ni neno la mkubwa kumshukuru mdogo kwa kazi aliyoifanya, kwa hiyo kumrudishia mzee ni sawa na kijana kukutana na babu yake akaanza yeye kusema "marahaba". Ulipaswa kumwambia otsukaresama deshita, ambayo ndani yake limo neno lile lile la uchovu, limevishwa heshima mbele na nyuma, na kazi yake ni ileile ya "pole na safari" yetu. (Vitabu vingi vya kujifunzia huifasiri kwa kupitia Kiingereza, lugha isiyo na "pole", na ndiyo maana maelezo yake huwa marefu bila sababu.) Tofauti ni katika kuitikia: sisi hujibu "asante" au "nimeshapoa", lakini Wajapani hurudishiana neno lenyewe, na wafanyakazi wenza huambiana otsukaresama desu hata wanapopishana mchana ukumbini, kabla yeyote hajachoka.