Saini 757: kwa wanaotaka kuingia kwenye siasa za Illinois

Ndugu zangu mlioapishwa uraia juzi juzi, na nyinyi vijana mliozaliwa huku, haya ni majibu yangu kwa swali mnalonipigia simu kila msimu wa uchaguzi: mtu anaanzia wapi?

Karibu kila anayeniuliza hunitajia Obama. Hunitajia hotuba ya Boston ya tarehe 27 Julai 2004, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, au usiku ule wa Novemba 2008. Nawaelewa. Rais Kibaki alipotangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu, mimi nilikuwa bado Mombasa, na nilishangilia kama kila mtu. Lakini sasa nimejitolea kwenye kampeni za ubunge wa jimbo hapa Chicago misimu mitano, na naona kwamba wengi wetu tulimjua akiwa ameshafika. Kabla ya Boston alikuwa seneta wa jimbo la Illinois tangu Januari 1997, katika baraza la watu 59 lililoko Springfield, mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Chicago. Kipindi hicho ndicho chenye faida kwenu.

Nianze na saini, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapoangukia.

Mwaka 1995 kiti cha seneti ya jimbo, eneo la 13, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer. Palmer aliamua kugombea Kongresi, yaani bunge la taifa, akamtambulisha Obama kwa watu kama mrithi wake. Novemba akashindwa na Jesse Jackson Jr., kisha akataka kurudi kwenye kiti chake cha zamani. Obama akakataa kujitoa. Mgombea alihitaji saini halali 757 za wapigakura ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, na watu wa Obama wakakaa wakazipitia fomu za wapinzani mstari kwa mstari. Huyu hakujiandikisha kupiga kura, huyu anaishi nje ya eneo, huyu jina limeandikwa kwa herufi za chapa badala ya kutiwa saini. Mpinzani mmoja alikuwa amepeleka saini 1,899, na zilipochujwa akapungukiwa na 69. Palmer akajitoa, wengine watatu wakaondolewa, na kwenye mchujo wa chama wa Machi 1996 Obama akasimama peke yake.

Leo mgombea wa chama anayetaka seneti ya jimbo hudaiwa saini zisizopungua 1,000 na zisizozidi 3,000. Kwa Baraza la Wawakilishi ni 500 hadi 1,500. Kurasa lazima zipewe namba kwa mfuatano na zifungwe pamoja, na aliyezungusha kila fomu lazima aape mbele ya mthibitishaji kwamba saini zilitiwa mbele ya macho yake. Mtu akitaka kuzipinga ana siku tano za kazi baada ya mlango wa kuwasilisha kufungwa.

Sasa nieleze yangu. Msimu wangu wa pili nilipewa mitaa ya Rogers Park, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo wanaishi. Ilikuwa jioni ya vuli, upepo wa ziwani unakata masikio. Ghorofa ya tatu akatufungulia mama mmoja wa Bukavu, na harufu ya sombe ikatoka naye hadi kwenye ngazi. Nikamweleza tunatafuta nini. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, “Karibuni, baba. Nitie saini wapi?” Alikuwa raia wa miezi kadhaa tu. Akaweka ubao juu ya goti, akaandika jina lake lote polepole, herufi moja moja, kisha anwani, kisha akanirudishia kalamu kwa mikono miwili. Nilishuka zile ngazi nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku yangu mwenyewe ya kiapo.

Saini ile ilikatwa. Mama alikuwa amehamia pale mwezi wa nane, na daftari la wapigakura lilikuwa bado na anwani yake ya zamani, nje ya eneo letu. Kosa lilikuwa langu: sikumuuliza. Tulikuwa tumepeleka saini 640 kwa kiti kinachotaka 500, na mratibu wetu alikuwa ametwambia zinatosha. Pingamizi likaja, tukakaa kwenye meza ndefu siku tatu tukitetea mistari, na tulipofika 480 na kitu mgombea wetu akaandika barua ya kujitoa. Watu walikuwa wamempenda, na kura hata hazikupigwa.

Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni, kabla ya sera na kabla ya jina la mgombea, liwe hili: “Umejiandikisha kupiga kura kwa anwani hii hii?” Kama hapana, mwonyeshe namna ya kubadilisha papo hapo, kisha rudi siku nyingine kwa ajili ya saini. Kusanya mara mbili ya idadi inayotakiwa, na kila usiku mtu mmoja akae na daftari la wapigakura azihakiki za siku hiyo. Usingoje wiki ya mwisho.

Kuhusu Palmer, nasema wazi kwamba jambo lile bado linanisumbua. Obama alitumia sheria kama ilivyo, na sheria ilikuwa wazi kwa kila mtu. Hata hivyo wapigakura wa upande ule walinyimwa nafasi ya kuchagua, na mtu aliyejenga jina lake kwa kuandikisha wapigakura wapya kwa maelfu mwaka 1992 aliingia barazani kwa kuwaondoa wenzake kwenye karatasi. Mkifika mahali pa namna hiyo, na mtafika, amueni kabla ya wakili kuwaamulia.

Obama alipofika Springfield alikuta chama chake cha Democratic kiko upande wa wachache, na kilikaa hivyo miaka sita. Miswada ya upande wa wachache hufia kwenye kamati, bila mjadala na bila kura. Mgeni wa siasa akiona hivyo hukata tamaa au huanza kuhutubia kamera. Obama alifanya kazi ya kuzungumza na mtu mmoja mmoja. Mwaka 1998 alishiriki kupitisha sheria ya kuzuia zawadi kwa wabunge, jambo ambalo halikumpa marafiki wengi mle ndani. Jioni alikuwa akicheza karata kwa viwango vidogo na maseneta wenzake, nyumbani kwa Terry Link wa Waukegan, na mezani hapo walikaa watu wa miji midogo na mashamba ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Chicago yake. Simwambii mtu acheze kamari. Nasema kwamba mtu akishakula na wewe mara kumi, mswada wako atausoma.

Kisha likaja kosa kubwa, na ningependa mlikariri kuliko mnavyokariri hotuba.

Mwaka 1999 Bobby Rush, mbunge wa Kongresi wa eneo la kwanza la Illinois, aligombea umeya wa Chicago dhidi ya Richard Daley akashindwa vibaya. Obama akaona udhaifu hapo, akatangaza kugombea kiti cha Rush. Alipofanya uchunguzi wa maoni, akakuta asilimia 90 ya wapigakura wanamjua Rush na asilimia 11 wanamjua yeye. Uchunguzi ulikuja baada ya tangazo. Nawaomba muutazame mpangilio huo. Watu walimkataa Rush kwa umeya, lakini nyumbani kwake walikuwa bado wanampenda, na Obama alisoma kura za mji mzima kana kwamba ni za mtaa.

Oktoba hiyo mtoto wa Rush alipigwa risasi akafariki, na eneo zima likaomboleza naye. Desemba, Obama akiwa Hawaii na familia, gavana aliita kikao cha dharura kuhusu sheria ya bunduki. Mtoto mchanga wa Obama alikuwa mgonjwa, akabaki naye. Mswada ukaanguka kwa kura chache, na magazeti yakamwandama. Hakuna mzazi atakayemlaumu, lakini mpigakura hahesabu sababu, anahesabu kiti kitupu. Mchujo wa Machi 2000 Rush alipata asilimia 61 hivi, Obama 30. Mwezi wa nane alisafiri kwenda mkutano mkuu wa chama Los Angeles, na kwenye kaunta ya kukodi magari kadi yake ya mkopo ikakataliwa. Baina ya kaunta ile na jukwaa la Boston ni miaka minne.

Alifanya nini miaka hiyo minne? Kwanza, mipaka. Baada ya sensa ya 2000 vyama vilishindwa kukubaliana ramani ya maeneo ya uchaguzi, na kwa sheria ya Illinois jina likachomolewa kwenye kofia ili kujua chama gani kitakuwa na kura ya ziada. Democrats wakabahatika. Obama akakaa na mchora ramani wa chama, na eneo lake jipya likapanda kutoka upande wa kusini kwenda kaskazini kando ya ziwa, hadi mitaa ya matajiri karibu na katikati ya mji. Humo mlikuwa na wachangiaji na watu wa magazeti ambao hapo awali hawakuwa wapigakura wake. Mkisikia ramani inajadiliwa, nendeni. Mikutano ile huwa mitupu, na viti vyenu vinakatwa humo.

Pili, alimwendea mzee. Emil Jones Jr. alikuwa ametoka kwenye ukaguzi wa mifereji ya maji taka ya jiji akapanda hadi kuongoza maseneta wa chama chake. Novemba 2002 Democrats wakashinda seneti, na Januari 2003 Jones akawa rais wake. Obama alimwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumfanya mtu kuwa seneta wa Marekani, na kwamba mtu huyo ni yeye. Jones akakubali, akampa miswada mikubwa aibebe. Wapo wenzake walionung'unika, kwa kuwa baadhi walikuwa wameisukuma miswada hiyo miaka mingi bila kusikilizwa.

Ule ninaoustahi zaidi ni wa kurekodi kwa video mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji. Illinois ilikuwa imegundua watu 13 waliohukumiwa kifo bila hatia, na gavana George Ryan alikuwa amesimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo Januari 2000. Polisi waliupinga mswada, waendesha mashtaka waliupinga. Obama alikaa nao chumba kimoja, kikao baada ya kikao, akiwasikiliza wanachoogopa na kubadilisha maneno pale panapobadilika bila kuua lengo. Ukapita mwaka 2003, na Illinois ikawa ya kwanza kuweka jambo hilo kwa sheria ya bunge. Siku hizi mtoto wa mtu akishikwa kwa kesi ya mauaji hapa, kuna rekodi inayomlinda. Nikisikia mtu anasema ubunge wa jimbo ni ngazi tu ya kupandia, namweleza habari hii.

Uchaguzi wa 2004 wa Seneti ya Marekani mnaujua. Seneta wa Republican aliyekuwa na kiti hakurudi, Carol Moseley Braun, aliyekuwa na kiti hicho kabla yake, akachagua kugombea urais, mpinzani tajiri aliyemwaga mamilioni yake akachafuliwa na habari za talaka, na Obama akashinda mchujo wa watu saba kwa zaidi ya nusu ya kura. Bahati ilikuwepo, ila ilimkuta na jina, pesa za kutosha na sheria alizopitisha.

Jambo moja dogo lililomfuata hadi kwenye urais: Springfield unaweza kupiga kura ya kusema upo tu, bila ndiyo wala hapana, na alifanya hivyo mara 129 hivi. Mara nyingi kulikuwa na mkakati wa chama nyuma yake. Miaka kumi baadaye wapinzani walilitoa daftari lile. Anayetaka kwenda juu apige kila kura akijua atasomewa.

Sasa ya kwetu wahamiaji. Kama hujawa raia, usijiandikishe kupiga kura hata karani akikupa fomu, unaweza kufukuzwa nchini. Kugonga milango ukimsifu mgombea kwa kujitolea unaruhusiwa. Kuzungusha fomu za saini ni kwa raia tu. Kutoa mchango wa pesa kunataka angalau ukaazi wa kudumu. Raia wa kuandikishwa anaweza kugombea ubunge wa jimbo akiwa na miaka 21 na amekaa eneo lake miaka miwili. Baraza la Wawakilishi la Kongresi linataka uraia wa miaka saba, Seneti ya Marekani miaka tisa. Ilhan Omar, aliyeishi kambi ya wakimbizi Kenya miaka minne, aliingia bunge la Minnesota kwa uchaguzi wa 2016 akimwangusha mbunge aliyekaa humo miaka 44, na 2018 akaenda Kongresi.

Fomu zikitoka tena nitakuwa Rogers Park. Mama wa Bukavu ameshabadilisha anwani yake, na mara ya mwisho alinishika mkono hadi kwa jirani yake wa ghorofa ya pili, akagonga mlango mwenyewe, na kabla sijafungua mdomo akamuuliza kwa Kiswahili kama amejiandikisha kwa anwani hii hii.