Bima ya umma, mbona kadi ina jina la kampuni binafsi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naishi Washington, lile jimbo sio mji mkuu, nafanya vibarua vyangu mwenyewe kwahiyo bima nanunua kwenye soko la jimbo. Jamaa akaniambia chukua Cascade Select, hiyo ndo bima ya umma. Kadi imefika naona jina la kampuni binafsi, na bei haijaachana kivile na zile nyingine. Huo umma uko wapi? Au wabunge walishalambishwa? (Msomaji, Seattle)

JIBU: Hujatapeliwa ndugu yangu, ila ulichonunua sio kile kilichoingia bungeni Olympia mwaka 2019. Tuanze na kadi. Jimbo halikuanzisha kampuni yake ya bima, liliamua kuweka masharti halafu likaingia mkataba na kampuni binafsi ziuze, ndo maana ya hilo jina. Utamu uko kwenye bei. Wazo la mwanzo lilikuwa hospitali na madaktari walipwe kiwango cha Medicare, ile bima ya serikali kuu ya wazee, na hapo bei ingeshuka kwelikweli maana sehemu kubwa ya hela unayolipa kila mwezi inaishia kwa watoa huduma. Hospitali zikaja juu, kwa kiwango hicho hatushiriki, na sheria ya kuzilazimisha haikuwepo, sasa bima isiyo na hospitali utamuuzia nani? Wakavutana weee, gavana Jay Inslee alipokuja kusaini kikomo kilikuwa kimefika asilimia 160 ya Medicare. Yaani ukijumlisha malipo yote, pale ambapo Medicare ingelipa dola 1,000 mpango wako unaruhusiwa kufika 1,600. Hiyo tofauti ndo unaiona kwenye bei yako.

Kwahiyo lobi, yaani wale washawishi wanaotumwa kwa wabunge, haikuua mswada, ilicheza na namba moja tu, na kwa maoni yangu hiyo ni kazi safi zaidi kuliko kuua, kwa sababu mwanasiasa anabaki na sheria ya kujisifia na hospitali zinabaki na malipo yao. Mauzo yakaanza 2021, kaunti 19 kati ya 39 tu, ndipo bunge likapitisha sheria nyingine kwamba hospitali inayopokea hela za mipango ya jimbo haiwezi kuukataa huu mpango moja kwa moja. Colorado nako mwaka huohuo 2021 walianza na wazo la bima ya jimbo lenyewe, matangazo ya muungano wa kampuni za bima, hospitali na dawa yakamwagwa, wakaishia na mpango unaouzwa na kampuni binafsi wenye lengo la kushusha bei asilimia 15 ndani ya miaka mitatu.

Nisiwaonee lakini, hospitali ndogo za vijijini zilikuwa na hoja, zikibanwa sana zinafunga, na sheria ya Washington ikaziwekea kiwango cha chini, zisilipwe pungufu ya asilimia 101 ya gharama zao.

Kuhusu kulambishwa: kulobi ni halali, ila lazima mtu ajisajili. Kuna tume, Public Disclosure Commission, ilizaliwa na kura ya wananchi mwaka 1972, walobisti wanaripoti huko kila mwezi nani kawalipa na wametumia nini, unaingia mtandaoni unasoma bure. Halafu jiulize, kikao cha bunge ni siku 105 mwaka mmoja na siku 60 unaofuata, wabunge wengi wana kazi zao nyingine, na anayekuja na takwimu tayari na kifungu kishaandikwa ni nani? Ni mlobisti. Wewe pia unaweza kujiandikisha mtandaoni kuunga au kupinga mswada kwenye kamati, Olympia huendi.

SWALI: Niko Texas, bima napata kazini. Nimepeleka malalamiko jimboni nikaambiwa mpango wetu hauwahusu. Kweli?

JIBU: Inawezekana kabisa. Kuna sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 inaitwa ERISA, kama mwajiri wako analipa matibabu kwa hela yake mwenyewe basi jimbo haliugusi huo mpango kama linavyogusa bima ya kawaida, hata kama kadi ina jina la kampuni kubwa ya bima, pale ile kampuni ni karani tu wa kushughulikia bili. Waulize watu wa utumishi kazini kwenu swali moja: kampuni yetu imenunua bima au inajilipia yenyewe? Wakisema inajilipia, malalamiko yako yapeleke Wizara ya Kazi ya serikali kuu, ile idara ya mafao ya wafanyakazi.