Kwa nini kioo cha OLED kinahitaji iridiamu?

Swali: Mimi ni fundi simu. Mteja ameniletea simu ya OLED ambayo alama za saa na betri zimebaki kama kivuli juu ya kioo, hata nikifungua picha nyeupe tupu. Kivuli chenyewe kina umanjano. Nimesoma kwamba vioo hivi vinatoa mwanga kwa metali iitwayo iridiamu. Metali inawakaje, na je, ndiyo iliyochakaa hapa?

Jibu: Fundi, iridiamu iliyochakaa haimo katika kisa chako, ila kuielewa ndiko kutakakokupa jibu.

Kinachowaka ni kampaundi changamani: atomu moja ya iridiamu katikati, imeshikwa pande zote na molekuli za kaboni na nitrojeni ambazo sisi wanakemia huziita ligandi. Kampaundi hiyo huchanganywa kidogo tu, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa kumi, ndani ya utando mwembamba wa molekuli nyingine za kaboni. Umeme ukipita, elektroni hutoka upande mmoja na "tundu", yaani nafasi ya elektroni iliyokosekana, hutoka upande wa pili. Vikikutana, molekuli husisimka.

Hapo ndipo penye shida. Msisimko una aina mbili, singleti na tripleti, kulingana na jinsi elektroni zinavyojizungusha zenyewe; katika kila misisimko minne, mmoja ni singleti na mitatu ni tripleti. Molekuli ya kawaida ya kaboni hutoa mwanga kwa singleti tu. Nishati ya tripleti karibu yote huishia kuwa joto. Tang na VanSlyke, watafiti wa kampuni ya Kodak, walipoonyesha diodi yao ya OLED mwaka 1987, walitumia kampaundi ya alumini. Alumini ni metali nyepesi, kwa hiyo tripleti zilipotea bure. Kiini cha iridiamu kina protoni 77, na mvuto wake wa umeme ni mkubwa kiasi kwamba mzunguko wa elektroni kujizungusha yenyewe unafungamana na mwendo wake kuzunguka kiini. Tripleti nazo zikapata njia ya kutoa mwanga. Watafiti Baldo, Forrest, Thompson na wenzao walilionyesha hilo kwa platini mwaka 1998, rangi nyekundu, kisha kwa iridiamu mwaka 1999, rangi ya kijani.

Ukitaka kuiona tripleti kwa macho, yeyusha chembe za unga wa manjano wa ile iridiamu ya kijani katika toluini, kimiminika cha kuyeyushia, pitisha nitrojeni kuondoa hewa, ufunge chupa. Imulike kwa taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti: chupa nzima huwaka kijani kikali. Sasa fungua kifuniko, utikise. Mwanga hufifia mbele yako, kwa sababu oksijeni inanyakua nishati ya tripleti kabla haijatoka. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na bado hunifurahisha. Kioo cha OLED nacho hufungwa kisipitishe hewa wala unyevu, hasa kwa sababu vitu hivyo huharibu tabaka zake za ndani.

Sasa buluu. Tripleti hungoja takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde, muda mrefu sana kwa molekuli. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya buluu ina nishati kubwa kuliko ya nyekundu. Msisimko kama huo ukikutana na mwingine wakati unangoja, nishati zao zikijumlishwa hutosha kuvunja vifungo vya kampaundi. Iridiamu ya buluu hufa mapema. Kwa sababu hiyo simu nyingi hutumia iridiamu kwa nyekundu na kijani, lakini buluu ni molekuli ya kaboni isiyo na metali nzito. Buluu hiyo haina ufanisi, hudai umeme zaidi, na huchakaa kabla ya wenzake.

Nyeupe ikipungukiwa buluu, huelekea manjano. Alama za saa na betri zimewaka nyeupe mahali palepale kwa miaka, buluu ya hapo imechoka. Hakuna programu itakayoirudisha. Zile zinazodai kufuta kivuli huchosha tu sehemu nyingine za kioo zilingane na iliyoharibika. Mwambie mteja kioo kinabadilishwa, na kipya akitumie kwa mandhari nyeusi, mwanga usiwe wa juu kabisa.